Ganda la risasi likikurukia usoni, usikimbilie kununua vipuri

Nilikaa miaka mingi kwenye karakana ya silaha kabla ya kurudi kwetu Wete. Mpaka leo akija mtu na bastola yake ya kibali, malalamiko ni yale yale: maganda yanaruka ovyo, moja kulia, jengine usoni, jengine limesimama wima limebanwa na slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele. Naye huwa keshaamua kipuri cha kubadili. Mara nyingi kakosea.

Dhana: ekstrakta ndiyo inayorusha ganda.

Ekstrakta ni ukucha tu. Slaidi ikirudi nyuma, ukucha unashika ukingo wa ganda na kulivuta kutoka chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa. Mrushaji ni ejekta, kijichuma kilichosimama kwenye fremu, yaani kiunzi cha chini chenye mpini: ganda linakuja mbio, linajigonga pale, linapinduka na kutoka kwenye dirisha la slaidi. Mmoja anashika, mwengine anapiga ngwala. Ukucha ukilegea, ganda linateremka kabla ya kufika kwenye ejekta, linagongwa pasipo pake, nalo linaondoka upande linaoutaka lenyewe. Kwa hivyo vyote viwili hutazamwa. Kwenye bastola za kampuni ya Glock, ejekta imo ndani ya fremu, imeungana na kiota cha kifyatulio. Ikiwa kasoro ni yake, slaidi mpya ya bei mbaya haitasaidia kitu.

Dhana: silaha mpya kutoka kiwandani haiwezi kuwa na ila.

Glock 19 ya kizazi cha nne ilitoka mwaka 2010, na wenye nazo wakalalamika juu ya maganda. Mwaka 2011 kampuni yenyewe ikawabadilishia watu springi ya slaidi, ile inayoirudisha mbele, na ejekta nayo ikaja yenye umbo jengine. Bastola za muundo unaoitwa 1911 zina lao: ekstrakta yake haina springi pembeni, inabana kwa mnyumbuko wa chuma chake, na fundi huipinda kidogo kidogo mpaka ikamate sawa. Kuitupa bila kuijaribu ni israfu.

Dhana: springi ngumu ndiyo dawa.

Hii inanichosha. Springi ikizidi ugumu, slaidi hairudi mpaka mwisho, ganda linagongwa kivivu na kukwama. Ikilegea, maganda yanaruka mbali na fremu inapigwa kuliko inavyostahili. Na mkono nao umo humu: ukiishika bastola kwa kiganja kilicholegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, mwendo unapungua, na dalili zake hazina tofauti na za kipuri kibovu. Mpe mwengine mwenye mkono imara aipige, tena kwa risasi za aina nyengine, kabla hujatoa pesa.

Dhana: mafuta ni mafuta.

Sisi watu wa visiwani tuna mafuta ya nazi kwa kila kitu, nywele, samaki, bawaba za mlango. Lakini sote tunajua yanavyoganda chupani asubuhi ya kipupwe. Yakiingia kwenye mfereji wa ekstrakta yanashikana na masizi, ukucha haufungi, na mtu anaagiza ukucha mpya. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha usafishe mfereji ule kwanza.

Mwaka mmoja alikuja jamaa aliyebadili ejekta, ekstrakta na springi ya slaidi kwa siku moja. Maganda yakatulia, ila sasa slaidi ilikuwa haifungi vizuri. Ikabidi turudishe vya zamani kimoja kimoja, kila kimoja na raundi zake kwenye uwanja wa shabaha. Ejekta ya zamani ilikuwa nzima. Springi ya slaidi ya zamani pia nzima, ile mpya ndiyo iliyoleta balaa. Kilichokufa kilikuwa springi ndogo inayousukuma ukucha, nyembamba kama ujiti wa kibiriti, ambayo hakuigusa kabisa: ekstrakta mpya ilikuwa na ncha kali zaidi, ikauficha udhaifu wa springi hiyo.