Wastani wa draiva: si upeo, wala si takriban

Kaa saa moja na wachezaji gofu wa ridhaa baada ya raundi, utasikia tu mtu akijisifia draiva, ile fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza: "Mimi draiva yangu kwa wastani ni mita 240." Muulize mwenye kauli hiyo 240 ameitoa wapi, naye atakutajia shimo, atakutajia mwezi, na atakuonyesha kwa kidole mti ambao mpira ulisimama karibu nao. Huo ni mkwaju mmoja. Inawezekana ulifika kweli mita 240. Lakini mkwaju mmoja hauna wastani.

Maana yenyewe ni fupi. Wastani wa draiva ni jumla ya urefu wa mikwaju yote uliyopiga kwa fimbo hiyo kutoka tii, yaani pale shimo linapoanzia, igawanywe kwa idadi ya mikwaju. Yote: uliokwenda katikati ya feawei (njia ya nyasi fupi), uliojikunja ukaingia kwenye miti, na ule uliogonga juu ya mpira ukabingirika mita 60. Hesabu hii kila aliyemaliza shule ya msingi anaiweza. Tatizo liko kwenye neno, na neno hili linastahili kutazamwa polepole.

Wastani limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa wasat, yaani katikati. Waislamu wanaujua mzizi huohuo katika sala ya wusta, sala ya katikati iliyotajwa katika Sura al-Baqara. Kiswahili kimelichukua neno na maana yake bila kuipotosha. Mtu wa kimo cha wastani kuna wanaompita na kuna anaowapita. Shamba la ukubwa wa wastani, mvua za wastani, mwanafunzi wa wastani: kote humo neno limesimama katikati ya watu au vitu, na pande zote mbili kuna kitu. Hapo ndipo ugomvi wangu na ile kauli ya mezani unapoanzia. Anayesema wastani wake ni mita 240 amesema pia, ajue asijue, kwamba ana mikwaju ya 250 na 260 ya kutosha kufidia ile yote iliyoishia 220 na 200. Muulize hiyo ya 260 iko wapi. Kama hana hata mmoja, basi 240 ni ukuta wa juu kabisa wa uwezo wake, na ukuta wa juu hauwezi kuwa katikati.

Kwa hilo Kiswahili kina neno zuri tena la kwetu: upeo. Upeo wa macho ni pale jicho linapoishia. Upeo wa draiva yako ni pale mpira wako unapoishia siku ambayo kila kitu kimekubali: umeupiga katikati ya uso wa fimbo, upepo uko mgongoni, ardhi ni kavu na feawei inateremka. Hakuna aibu kuujua upeo wako na kuutaja. Unahitaji kuujua, kwa sababu ndio unaokuambia kama ni salama kupiga wakati kundi lililo mbele bado halijaondoka. Ila uitwe upeo.

Kosa la pili ni la Kiswahili zaidi kuliko la gofu, na limeenea hadi kwenye taarifa za habari: "kwa wastani" kutumika mahali pa "takriban". Mtu anasema "kwa wastani kama mita 230 hivi" akiwa na maana kwamba hajapima, anakisia. Takriban nalo ni la Kiarabu, lakini mzizi wake ni mwingine. Ni ule uliotupa karibu. Takriban ni kuwa karibu na namba. Unaweza kuusema mkwaju mmoja kuwa ni takriban mita 230 kwa kuutazama tu. Wastani hauwezi kuutaja kwa kutazama, kwa sababu ni matokeo ya hesabu, na hesabu inataka orodha. Kama huna orodha, sema takriban, sema nakadiria, na utaeleweka vizuri zaidi.

Tuchukue mikwaju 10 ya mfano, kwa mita: 238, 231, 226, 224, 219, 215, 208, 196, 142, 61. Orodha ya namna hii si ya mchezaji mbovu. Yuko kila klabu. Jumla yake ni 1,960, kwa hiyo wastani ni mita 196. Mwenye orodha atakataa. Atasema mikwaju saba kati ya kumi imepita 196, itakuwaje hiyo iwe namba yake? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba mikwaju miwili ya mwisho imevuta wastani chini. Ukiipanga mikwaju kwa urefu na kuchukua namba ya katikati, kati ya wa tano na wa sita, unapata 217. Namba hii ya katikati iko karibu zaidi na asili ya neno wasat kuliko ile ya kujumlisha na kugawanya, na kwa mchezaji wa ridhaa mara nyingi inasema ukweli zaidi kuhusu mkwaju wake wa kawaida. Basi aitaje hiyo, mradi aseme ni namba ya katikati. Asichoweza kufanya ni kuchukua mitatu ya juu, ambayo wastani wake ni karibu 232, kuikweza kidogo kuwa 240, halafu kuiita wastani wa draiva yake. Huo ni wastani wa siku zake njema.

Mpaka hapa tumechukulia kwamba kila mkwaju umepimwa sawasawa. Kwa kawaida haupimwi. Njia inayotumika zaidi ni ya kutoa: kadi inasema shimo lina mita 380, mimi nimebakiza 140 hadi kwenye bendera, basi nimepiga 240. Ndani ya hesabu hiyo fupi kuna mianya mitatu. Urefu ulioandikwa kwenye kadi hupimwa kutoka kwenye alama ya kudumu ya tii, wakati alama za siku huhamishwa ili nyasi zipumzike. Zikisogezwa mbele mita 12, umejipa mita 12 za bure. Urefu huo pia huishia katikati ya grini, ile sehemu ya nyasi laini yenye bendera. Grini yenye kina cha mita 30 na bendera iliyochomekwa mbele inakupa kama mita 10 nyingine. Tayari una 22, na hujaongeza nguvu yoyote. Mwanya wa tatu ni shimo lililopinda. Kadi hupima kwa kufuata katikati ya feawei hadi kwenye kona, kisha kutoka kona hadi grini. Ukikata kona juu ya miti, kile ulichokipunguza kwenye safari kinahesabiwa kwenye mkwaju wako. Umbali wa mkwaju ni mstari ulionyooka kutoka ulipoupiga hadi mpira uliposimama, basi.

Kuna pia yadi na mita. Yadi moja ni mita 0.9144, kwa hiyo yadi 250 ni mita 229 tu. Saa ya mkononi ya kupimia umbali iliyotoka kiwandani ikisoma yadi, mchezaji aliyezoea kadi ya mita, na mazungumzo yasiyotaja kipimo, vinatosha kumwongezea mtu mita 21 kwa sentensi moja. Ukitaja namba, taja na kipimo chake.

Mwinuko nao husahaulika, ingawa huku kwetu ungepaswa kuwa wa kwanza kukumbukwa. Hewa ya juu ni nyepesi, mpira unazuiwa kidogo, unakwenda mbali. Kadirio zuri kwa draiva ni zaidi kidogo ya asilimia 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo mpira unaopigwa Muthaiga au Karen hupata nyongeza ya kama asilimia 6. Anayepiga mita 230 huko, akiteremka Nyali, Mombasa, atapiga kama 216 kwa bembea ileile, yaani mzungusho uleule wa fimbo. Hajaharibikiwa na kitu, na fimbo haina kosa. Ni vivyo hivyo kwa anayetoka Arusha kwenda viwanja vya Dar es Salaam, ingawa tofauti ni ndogo kidogo. Kwa hiyo wastani una mahali. Ukicheza bara na pwani, weka orodha mbili.

Wachezaji wa kulipwa ndio tunaojilinganisha nao, basi tuone wao hupimwaje. Takwimu ya umbali ya PGA Tour ya Marekani kwa miaka mingi imetokana na mashimo mawili katika kila raundi, yaliyochaguliwa yaelekee pande tofauti ili upepo usimpendelee mtu. Mpira hupimwa pale uliposimama, uwe kwenye feawei au kwenye majani marefu, na hata mchezaji akiamua kupiga kwa fimbo fupi, mkwaju huo unaingia. Kwa utaratibu huo mkali, wastani wa tour nzima ulikuwa kama yadi 257 mwaka 1980 na umefika karibu yadi 300 katika miaka hii. Hao ni watu wanaoishi kwa mchezo huu. Upande wa ridhaa, vipimo vilivyochukuliwa na R&A, chombo cha kusimamia kanuni za gofu, kwenye viwanja vya Uingereza vilionyesha wanaume wakiwa karibu yadi 200 mwaka 1996 na kama yadi 216 mwaka 2019. Yadi 216 ni mita 198. Rudi kwenye orodha yetu ya mfano uone mwenye 196 yuko wapi: yuko palepale walipo wengi.

Mfumo wa dunia wa handikapu (mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake), ulioanza 2020, nao unamchukua mwanamume asiye na handikapu kuwa anapiga mkwaju wa kwanza wa wastani wa yadi 250, na mwenye handikapu ya kama 20 kuwa anapiga yadi 200. Kwa wanawake ni yadi 210, na 150 kwa mwenye handikapu ya kama 24. Na hizo zote ni za usawa wa bahari. Mwenye handikapu ya 18 anayesema wastani wake ni mita 240, ambazo ni yadi 262, anadai kuwa anampita kwa draiva yule asiyepewa mkwaju wowote wa nyongeza. Wapo wachache wa hivyo, wenye nguvu nyingi na mchezo mfupi dhaifu. Hawawezi kuwa kila meza.

Kuupata wastani wako wa kweli si kazi kubwa. Chagua mashimo mawili ya uwanja unaouzoea, yaliyonyooka, yasiyo na mteremko mkali, moja likielekea upande mmoja na jingine upande wa pili. Kabla ya kupiga, amua kwamba mkwaju huo utaandikwa. Uamuzi wa kuandika baada ya kuuona mpira umekwenda wapi ndio unaoharibu orodha nyingi. Weka alama ya saa au simu kwenye tii, tembea hadi kwenye mpira, soma, andika. Raundi 10 zitakupa mikwaju 20, na hapo namba inaanza kutulia. Mpira uliopotea au uliotoka nje ya mpaka hauna urefu wa kupima, kwa hiyo uandike pembeni kama ulivyo: mitatu kati ya 20, kwa mfano. Usiufute, maana huo ndio uliokugharimu zaidi siku hiyo. Masika na kiangazi usivichanganye bila kuvitaja. Feawei iliyolowa inaunyima mpira mita 15 au zaidi za kubingirika.

Namba za uwanja wa mazoezi ziweke mbali na orodha hii. Mipira ya mazoezi mingi imechakaa au imetengenezwa isiende mbali, na mashine za ndani hukisia safari yote kutokana na kasi ya mpira, pembe na mzunguko wake, mara nyingi kwa hewa tulivu na kwa mwinuko ambao hakuna aliyeuangalia kwenye mipangilio. Mashine ina faida moja kubwa: hukutenganishia umbali wa hewani na ule wa kubingirika. Kama mbele yako kuna maji yanayoishia mita 200, wastani wa jumla wa 215 haukuvushi ikiwa hewani ni 195.

Hii namba pia ndiyo inayopaswa kukuchagulia tii. Mpango wa USGA (chama cha gofu cha Marekani) na PGA of America (chama cha walimu na wataalamu wa gofu) wa mwaka 2011, uliowahimiza watu kucheza kutoka mbele zaidi, ulipendekeza uwanja wa yadi 6,200 hadi 6,400 kwa anayepiga 250, na yadi 5,200 hadi 5,400 kwa anayepiga 200. Anayejiita wa 250 ilhali ni wa 200 anajibebesha yadi 1,000 zisizo zake. Kila par 4, yaani shimo la kumalizwa kwa mikwaju minne, inamlazimu apige fimbo ndefu kwenye mkwaju wa pili, na jioni analaumu fimbo yake ya chuma ya namba 5.

Kwa hiyo mwenzako akisema kwa wastani anapiga 240, hakuna haja ya kubishana naye. Muulize tu ni mita au yadi, na ni mikwaju mingapi. Akikutajia mti na mwezi, mwambie kwa upole kwamba huo ni upeo wake, na ni upeo mzuri.