Linux haina programu? Hapana jamani

Kuna hii habari imezunguka miaka na miaka, kwamba ukiweka Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, basi hamna cha kufanyia kazi, utabaki unaandika amri tu kwenye skrini nyeusi. Ni kweli mwaka 1991 Linus Torvalds alipoitoa ilikuwa ya amri, ila toka 1996 kuna GIMP ya kuhariri picha, na Blender ya kutengeneza katuni na picha za 3D imekuwa huria tangu 2002, zote unabofya kwa mausi kama kawaida.

Kinachowatia watu hofu zaidi ni dokumenti, na hapo nawaelewa kabisa. LibreOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu, inafungua faili za Word na Excel, ila unaweza kukuta mistari imeruka, jedwali limesukumwa ukurasa wa pili, mtu akiona hivo anasema programu mbovu kumbe mara nyingi tatizo ni fonti tu, Calibri haimo kwenye mashine. Weka fonti ya Carlito, herufi zake zina upana uleule, mistari inarudi mahali pake. Na ukisevu chagua docx, aina ya faili ya Word, manake yenyewe inasevu odt, aina yake.

Video VLC inatosha, sauti Audacity. Photoshop ndio haina toleo la Linux, hilo ni kweli, na kama kazi yako inaitegemea kila siku mi ningekushauri uweke mifumo yote miwili, Windows na Linux, kwenye mashine moja, ukiwasha unachagua unaotaka.