Stesheni haina "uwezo wa abiria kwa siku"

Wiki hii nimeisoma tena kauli ile. Picha ya kituo kipya iliyochorwa kwa kompyuta, vioo kila upande, miti ambayo haitapandwa, na chini yake: "kitakuwa na uwezo wa kuhudumia abiria 20,000 kwa siku." Watu wanapongeza. Mmoja anauliza, "Kwa hiyo foleni zitaisha?" Haziishi, ndugu yangu, na hiyo namba uliyopewa haikusaidii chochote. Napanga vituo vya abiria kwa ajira, na kauli hii nimeletewa na wahandisi, na waandishi wa habari, hadi na shemeji yangu katikati ya harusi ya watu. Leo naiandika mara moja, kisha nitakuwa natuma linki.

Abiria hawaji kwa siku. Wanakuja kwa treni.

Tupige hesabu. Treni inaingia na abiria 600 ambao lazima wapite dirishani, tuseme la uhamiaji. Kila mmoja anachukua sekunde 45: toa pasipoti, tazama kamera, unakwenda kwa nani, muhuri, haya pita. Hizo ni sekunde 27,000, yaani dakika 450 za kazi ya dirisha. Madirisha kumi yakiwa na watu, abiria wa mwisho anatoka baada ya dakika 45. Madirisha yakiwa yale yale kumi lakini maafisa waliokaa ni wanne, anatoka baada ya dakika 112. Jengo halijabadilika hata tofali.

Sasa chukua wale 20,000, wagawe kwa saa 18 za kazi. Unapata kama abiria 1,100 kwa saa, na wastani utakuambia madirisha 14 yanatosha. Saa nane mchana hayo 14 yatapiga miayo. Saa mbili usiku treni mbili zikiingia zikifuatana, abiria 1,200 wanamwagika kwa mpigo na yule wa mwisho anasimama zaidi ya saa nzima, mtoto amelala begani. Namba ya siku imetimia, na kila aliyekuwepo pale anajua kituo kimeshindwa. Ndiyo maana sisi tunapanga kwa dakika 15 zilizo mbaya kuliko zote. Hizo hakuna anayeziandika kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, kwa sababu zikitamkwa zinasikika ndogo.

Dawa inayopendwa na wakubwa ni kuongeza ukumbi. Kupanua beseni hakufanyi bomba litoe maji haraka. Ukumbi mkubwa una kazi yake, sikatai. John Fruin, Mmarekani aliyetuwekea vipimo vya msongamano miaka ya 1970, aligawa hali kuanzia A, ambapo unatembea utakavyo, hadi F, ambapo hutembei bali unasukumwa. Eneo linakupa hadhi unaposubiri, basi. Halipunguzi hata sekunde moja ya kusubiri kwenyewe.

Kuna jambo moja la eneo ambalo ningelipigania hata kwa ngumi: mkia wa foleni unaishia wapi. Ngazi ya umeme haijui kwamba kule mbele kumejaa. Inaendelea kuleta watu. Mkia ukifika pale ngazi inapoishia, anayeletwa hana pa kuweka mguu na aliye nyuma yake bado anasogezwa. Hapo watu wanaangukiana, na wala si kwa fujo, kila mtu amesimama kwa adabu yake. Kwa hiyo nikipewa ramani, ukumbi wa kifahari siutazami kwanza. Naweka rula kutoka dirishani hadi mguu wa ngazi, nagawanya kwa nafasi anayohitaji mtu na begi lake, naona foleni ya treni moja inaenea au haienei. Mara nyingi haienei, na katikati ya nafasi hiyo wamechora mgahawa.

Vyoo, mabango, lifti, kivuli cha kushukia bajaji: vyote muhimu, vyote vina viwango, nitavipita. Isipokuwa hili: vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume. Inachosha kwamba bado tunabishana.

Ukaguzi wa kuingia ndio unaonikera hasa. Waliopanda Madaraka Express, treni ya Nairobi kwenda Mombasa, pale Nairobi wanaijua ile hatua: mizigo inapangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasimama pembeni, mbwa wanapita wakinusa, mnaruhusiwa kuokota, kisha skana. Kila hatua ukiitazama peke yake ina sababu. Zikifuatana, kasi ya kituo kizima inakuwa ya ile iliyo goigoi kuliko zote, na hatua ya mbwa inapitisha watu kwa mafungu, kwa hiyo skana inakaa bure dakika kadhaa halafu inavamiwa. Halafu atatokea mtu na pendekezo la kuongeza skana ya pili ndani "kwa usalama zaidi". Umati uliosongamana nje ya geti nao ni hatari ya usalama. Huu mjadala huwa siushindi, kwa sababu hakuna ofisa atakayelaumiwa kwa kuongeza ukaguzi.

Programu tunazotumia kuigiza mwendo wa abiria zina kasi ya kutembea iliyopimwa kwa wafanyakazi wa mijini huko Ulaya, mkononi wana mkoba. Wetu ana mchele kilo 25, mtoto mgongoni, na wasindikizaji. Wasindikizaji hawamo kwenye modeli yoyote niliyowahi kufungua. Abiria mmoja wa safari ndefu anaweza kuja na watu watatu: wa kubeba, wa kuaga, na wa kuhakikisha wawili wa kwanza hawapotei. Ukiwazuia nje ya geti, geti linaziba kwa kuagana. Ukiwaingiza, ukumbi unajaa watu wasiosafiri. Mimi mwenyewe nabadili kasi na idadi kwa makadirio, na nakiri kwamba ile michoro ya rangi nyekundu na kijani inayowafurahisha wajumbe wa kikao imejengwa juu ya makadirio hayo.

Tuje kwa watu, maana hapa ndipo bajeti inapokataa kusikia. Dirisha moja la tiketi lifunguliwe saa 16 kwa siku, siku saba. Hizo ni saa 112 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hapa Tanzania, inampa mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki, siku 28 za likizo kwa mwaka, na mapumziko ya saa moja katikati ya kazi. Gawanya, ongeza ugonjwa, misiba na mafunzo: dirisha moja ni watu watatu. Madirisha kumi ni thelathini, bila kuhesabu msimamizi wala mtu wa kuleta chenji. Chenji si utani. Karani asiye na noti ndogo anatumia muda mwingi kutafuta shilingi mia tano kuliko kutoa tiketi. Mara ngapi nimekuta madirisha kumi yamechorwa, kumi yamejengwa, manne yamewekewa watu, na sita yamebandikwa karatasi "LIMEFUNGWA" iliyopauka kwa jua?

Na hata ukipewa hao thelathini, vilele vya siku ni viwili, asubuhi na jioni, ilhali zamu ni ya saa nane mfululizo. Vitabu vinasema gawa zamu: njoo saa 11 alfajiri hadi saa 4, rudi saa 10 jioni. Karani anayekaa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, atakwenda wapi hizo saa sita katikati? Nauli atalipa mara mbili? Nimepanga zamu za namna hiyo, foleni zikapungua, na makarani wakaacha kazi mmoja mmoja. Sijui mpango ulio wa haki kwa wote wawili, abiria na karani. Anayedai anao, nashuku hajawahi kuipanga hiyo rosta mwenyewe.

Sasa mpakani, ambako kosa lile lile linavaa koti jingine. "Si tuna kituo cha pamoja Tunduma–Nakonde? Treni nayo ipite hapo hapo." Kile kilichozinduliwa Oktoba 2019 kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, nchi zote mbili zikikagua mahali pamoja, kimejengwa kwa barabara. Lori linakuja moja moja, dereva mmoja, makaratasi yametangulia kwenye mfumo. Treni ni mji mdogo unaofika kwa dakika moja.

Kuwakagua abiria wa treni unaweza kuchagua pa kufanyia: wanakoanzia safari, mpakani, ndani ya behewa, au wanakofika. Kila pahali pana bei yake, na bei kubwa huwa ni ya kisheria kuliko ya ujenzi. Singapore ilihamishia ukaguzi wake Woodlands, karibu na mpaka, mwaka 1998, Malaysia ikabaki stesheni ya Tanjong Pagar katikati ya jiji la Singapore. Abiria wa kwenda kaskazini akawa anapokelewa Malaysia kwanza, ndipo baadaye njiani anaagwa na Singapore. Ilidumu hadi stesheni ile ilipofungwa mwaka 2011.

London na Amsterdam ni somo lingine. Treni za moja kwa moja kutoka London zilianza Aprili 2018. Kurudi, abiria alishuka Brussels akakaguliwe huko, mpaka 2020, kwa sababu makubaliano ya kuweka maafisa wa Uingereza kwenye ardhi ya Uholanzi hayakuwa tayari. Reli ipo, treni ipo, kinachokosekana ni saini. Kisha katikati ya 2024 treni hizo za kurudi zikasimama tena hadi Februari 2025, mara hii kwa kukosa chumba: stesheni ya Amsterdam ilikuwa inakarabatiwa na eneo la ukaguzi halikuwa na pa kukaa.

Na St Pancras, stesheni ya treni za kwenda Ulaya bara, ambako Ufaransa inakagua pasipoti ndani ya London. Tangu Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kuchukua alama za vidole na picha za uso za wageni wanaoingia. Dirisha lililokuwa likimmaliza mtu kwa sekunde kadhaa sasa linamshikilia zaidi mara ya kwanza anapoandikishwa. Hakuna ukuta uliosogezwa, na uwezo wa jengo umeshuka. Niambieni sasa ile namba ya "kwa siku" iliyochapishwa jengo lilipofunguliwa mwaka 2007 inasemaje.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina kilomita 1,860 na uzoefu tangu 1976. Kule ukaguzi uliozoeleka ni wa ndani: maafisa wanapanda, wanapita behewa kwa behewa, wabadilisha fedha nyuma yao na mabunda ya kwacha. Watu wanaudharau kama wa kizamani. Mimi naupenda, kwa treni za abiria wachache na umbali mrefu, kwa sababu unatumia muda ambao treni ingeutumia hata hivyo, na mama mwenye watoto hateremki usiku wa manane na mizigo yote. Kasoro zake ninazijua. Mashine ya vidole inahitaji mtandao, na njiani mtandao unakuja na kuondoka. Atakayekataliwa atashushwa wapi, chini ya ulinzi wa nani? Na mizigo ya forodha, marobota ya vitenge yakiwa chini ya viti vya watu wanne wanaokana wote, haikaguliki vizuri kwenye ujia wa behewa. Mizigo mikubwa iachiwe garimoshi la mizigo na lakiri zake.

Reli yetu ya kisasa inaelekea Burundi. Mkataba wa kipande cha Uvinza, kwetu, hadi Musongati, kwao, ulisainiwa Januari 2025, na kwa Burundi tunayo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya vituo vya pamoja vya mpakani, ya 2016, ambayo kwa Zambia hatuna kwa kuwa si mwanachama. Kwa hiyo kisheria tuna nafuu. Ningependa uhamiaji wa nchi zote mbili wapande pamoja stesheni moja kabla ya mpaka na washuke moja baada yake. Hapo wachoraji wataniuliza ukumbi uwe na mita ngapi za mraba. Mimi nitaanza na nyumba za watumishi, kwa sababu ofisa aliyeshuka upande wa pili saa saba usiku, na treni ya kumrudisha inapita kesho yake, anahitaji kitanda, na kitanda hicho sijawahi kukikuta kwenye ramani ya stesheni ya mpakani.