Baruti ya hela tano

Kila Jumamosi tunapocheza Arkham Horror, mchezo wa karata ambao wachezaji ni wapelelezi wanaopambana na mazimwi kwa pamoja, kwenye kibaraza chetu Sinza, ikitokea karata ya Dynamite Blast (sisi tunaiita Baruti) utasikia tu: "Hela tano? Tupa huko!" Nawaelewa. Tano ndiyo hela yote unayoanza nayo mchezoni, na kila raundi inaingia moja.

Ila bei ukiitazama peke yake inakudanganya. Juzi nilipiga hesabu palepale mezani, karata tumezikandamiza kwa vizibo vya soda zisipeperushwe na feni. Chumba cha pili walikuwa wamejazana maadui watatu: Ghoul Minion wawili, uhai 2 kila mmoja, na Ravenous Ghoul mwenye 3. Bastola ya .45 Automatic ni hela 4, ina risasi 4, kila risasi inatoa madhara 2. Mdogo mmoja risasi moja, wa pili moja, mkubwa mbili: bastola tupu. Na kila risasi umechomoa tokeni mfukoni, ndiyo inayoamua umepata au umekosa, huku roho mkononi. Baruti inampa kila adui aliyemo madhara 3 kwa hatua moja, na mfuko hauguswi. Hakuna kukosa! Mimi hela tano ningezilipia hilo tu.

Dhana inayotumaliza kweli ni kwamba Baruti ni ya mtu aliyezingirwa. Thubutu! Mlipuko haubagui, kila mpelelezi aliyepo anakula 3 zake. Tena maadui waliokwisha kukukamata wanakuchapa kwanza, kabla hujalipua. Mchukue mpelelezi Roland Banks mwenye uhai 9: hao watatu wanamtoa mojamoja ya uhai na mojamoja ya akili, Baruti yake mwenyewe inamtoa 3, anabaki na 3. Akili nazo, alizoanza nazo 5, zimebaki 2. Karata inakuruhusu kulipua mahali palipopakana na ulipo, sasa kwa nini ujilipue?

Wengine husema inafaa meza yoyote. Si kweli. Kila raundi, isipokuwa ya kwanza, kila mchezaji anavuta karata moja ya mabalaa, na humo ndimo maadui wanamotoka. Ukicheza peke yako, maadui watatu kukutana mahali pamoja ni nadra. Mkiwa wanne zinavutwa nne, na hapo chumba kinajaa upesi.

Na tafadhali, msimtunzie Baruti yule adui mkubwa, Ghoul Priest. Uhai wake ni 5 kwa kila mchezaji. Mkiwa wanne ana 20. Mtamlipua, atabaki na 17.