Uvimbe wa kizazi ukivujisha damu tumboni

Wanawake wengi wenye uvimbe kwenye kizazi, yaani fibroidi, huutambua kwa hedhi nzito yenye mabonge. Wengine hawana habari nao mpaka wapigwe ultrasaundi kwa shida nyingine. Lakini kuna tukio adimu sana, ambalo daktari wa magonjwa ya wanawake anaweza kustaafu bila kukutana nalo: uvimbe kuvujisha damu ndani ya tumbo.

Mara nyingi chanzo ni fibroidi iliyoota upande wa nje wa kizazi, ikakua kufikia sentimita 10 au zaidi, kama kichwa cha mtoto mchanga. Juu yake hutambaa vena, yaani mishipa ya damu, zilizotuna, zenye kuta nyembamba. Moja ikipasuka, pengine mama amenyanyua ndoo, amejikamua chooni, ameanguka, au yuko tu hedhini, damu humwagikia tumboni. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Lita 2 zinaweza kujificha humo na ukeni lisionekane hata tone.

Hapo ndipo nyumbani husemwa, "Ni chango hilo," akapewa dawa ya maumivu alale. Chango gani linalomtoa mtu jasho la baridi, moyo ukamwenda mbio, akainuka na kuanguka kwa kizunguzungu? Tumbo linauma ghafla, linajaa, linakakamaa. Wengine hulalamikia bega wakilala chali, na bega lenyewe ni zima: damu imefika chini ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ikachokoza neva inayopeleka maumivu begani.

Hospitalini tutaanza na kipimo cha mimba, hata kama dada wa watu anaapa yuko kwenye siku zake. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, damu tumboni kwanza hutufanya tufikirie mimba iliyotunga nje ya kizazi, maana hiyo ndiyo ya kawaida zaidi. Ultrasaundi huonyesha damu na uvimbe, ila mshipa unaovuja mara nyingi tunauona tukishafungua tumbo. Tunaufunga, tunatoa uvimbe, na mara chache inabidi kutoa kizazi chenyewe. Nyama iliyotolewa hupelekwa maabara, kwa kuwa chache kati yake huwa ni saratani.

Mgonjwa wa namna hii asafirishwe amelala, asile wala asinywe kitu njiani. Ndugu wa kuchangia damu waje naye, na kama aliwahi kupimwa fibroidi, majibu yale ya zamani yasiachwe kabatini.