Maswali na majibu: kunyonga baiskeli milimani peke yako bila kuumwa njiani

Maswali ninayoulizwa kuhusu safari ndefu za baiskeli milimani ni mengi, ila kiukweli karibu yote yanazunguka jambo moja. Ukiwa na mwenzio, yeye ndo anaona unayumba, anaona midomo imebadilika rangi, anasikia unaongea vitu visivyoeleweka, af anakwambia kaa chini. Ukiwa mwenyewe hamna wa kukuona, na magonjwa ya kule juu yana tabia ya kuanza na akili ileile ambayo ungeitumia kujua kwamba unaumwa. Kwa hiyo utaona narudi palepale mara nyingi: amua mapema ukiwa mzima, ukifika mlimani uwe unatekeleza tu.

Mi nafanya mazoezi sana, kilomita 100 nanyonga bila shida. Huo ugonjwa wa mwinuko utanipata kweli?

Unaweza kukupata vizuri tu. Ufiti haukukingi, tena mtu mwenye miguu mizuri ndo anakuwa kwenye hatari zaidi manake anapanda haraka kuliko mwili wake unavyozoea. Kule juu oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21 ileile ya pwani, kinachoshuka ni mgandamizo wa hewa, ukifika kama mita 5,500 juu ya usawa wa bahari unakuwa karibu nusu, yaani kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Mwili unajirekebisha lakini unataka siku kadhaa, na hata ukiwa na haraka zako zote hauna namna ya kuusukuma.

Wengi wanaanza kuona dalili wakivuka mita 2,500, na haziji papo hapo, zinakuja masaa 6 mpaka 12 baada ya kufika. Kichwa kinauma, kichefuchefu, chakula hukitaki, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu. Sasa angalia hizo dalili vizuri uone tatizo lilipo, manake mtu aliyenyonga baiskeli siku nzima juani anajisikia hivyohivyo! Ndo maana watu wanajidanganya kwamba ni uchovu tu, kesho wanapanda tena. Sheria ninayoomba uishike ni kwamba ukiwa juu ya mita 2,500 na kichwa kinauma, hesabu kuwa ni mwinuko mpaka utakapokuwa na uhakika kwamba sio, na usipande hata mita moja ya ziada hadi dalili ziishe.

Kinachoangaliwa hasa ni pale unapolala. Ukishavuka mita 3,000, sehemu ya kulala ya leo isizidi ya jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku 3 au 4 pumzika siku nzima bila kupanda. Mchana unaweza kuvuka juu zaidi ukashuka kulala chini, hiyo haina shida sana. Mfano mzuri wa kosa ni Ladakh kule India, mtu anashuka na ndege Leh ambayo iko kama mita 3,500, anaunganisha baiskeli mchana huohuo, kesho yake anaanza kuipanda Khardung La, pito (yaani pale barabara inapovukia mlima) lenye mita 5,359. Ndugu yangu usifanye hivyo, kaa Leh siku 2 au 3 kwanza, tembea taratibu, pombe acha.

Dawa ipo, inaitwa asetazolamidi, kwa mtu mzima kipimo cha kujikinga kwa kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, unaanza siku moja kabla ya kupanda. Ila muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa au una tatizo la figo. Itakukojoza sana na vidole vitachonyota, usije ukadhani ni usukani umekubana.

Nitajuaje kwamba imeshakuwa mbaya na mi niko peke yangu?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na ningependa ulisome mara mbili.

Chora mstari kwenye vumbi, au tumia ule mstari wa rangi pembeni ya lami kama hamna magari, halafu tembea juu yake ukiweka kisigino mbele ya kidole gumba, hatua kama 10. Fanya kila jioni ukishafunga hema, na kila asubuhi kabla ya kupanda baiskeli, hata siku unazojisikia safi, ili uijue hali yako ya kawaida ikoje. Siku ukiyumba bila sababu hapo inawezekana ubongo umeanza kuvimba, na hiyo inaua. Dalili ya pili ni mapafu: unahema ukiwa umekaa tu, kikohozi hakiishi, ukilala chali pumzi inabana, baadaye unaweza kukohoa povu lenye rangi ya pinki. Yoyote kati ya hizo mbili dawa yake ya kwanza ni kushuka, sio kesho, sasa hivi, angalau mita 300 na ikiwezekana 1,000, au mpaka uone nafuu.

Ila usishuke kwa kunyonga! Mtu ambaye hawezi kutembea kwenye mstari hawezi kukata kona na breki. Simamisha lori, simamisha pikipiki, gonga nyumba ya kwanza unayoiona, ukiwa na kifaa cha satelaiti bonyeza kitufe cha dharura. Baiskeli iache hapo hapo, itafuatwa.

Na kushuka kwenyewe kupangwe kabla, manake sio kila mlima unashuka. Kwenye barabara ya Pamir kule Tajikistan unavuka pito la Ak-Baital, mita 4,655, unadhani ukishuka upande wa pili umepona, kumbe ziwa Karakul unalolikuta liko karibu mita 3,900, ni uwanda wa juu, kushuka kwa maana hasa hakuna karibu. Kwa hiyo kabla ya kila pito andika kwenye karatasi, nikizidiwa nikiwa huku nageukia wapi, na nikizidiwa nikiwa kule nageukia wapi.

Usiku nashtuka kama nimekata pumzi, moyo unadunda. Nakufa?

Pole, najua inavyotisha ukiwa kwenye hema mwenyewe gizani. Hiyo juu ya mwinuko ni kawaida, pumzi zinaongezeka, zinapungua, zinakata sekunde kadhaa, halafu mwili unavuta pumzi kubwa na wewe unaamka. Ukikaa kitako pumzi ikarudi sawa, hamna kikohozi wala kubanwa, ni usingizi wa mwinuko tu. Usimeze vidonge vya usingizi wala kunywa pombe ili ulale, vinadidimiza upumuaji.

Nikipanda naloa jasho, nikishuka naganda. Nivae nini?

Swali sio uvae nini, ni uvae lini. Joto linashuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, af kwenye mteremko hunyongi tena kwa hiyo mwili hauzalishi joto, na upepo wa spidi unakupiga kwenye nguo mbichi.

Kuna siku nilifika juu ya pito jioni, shati limeloa mgongo mzima, nikajiambia mteremko ni dakika 40 tu nitavaa nikifika chini. Kona ya nne au ya tano hivi vidole vya kulia vikawa havibani breki, nikawa navuta kwa kiganja kizima. Nilipofanikiwa kusimama nikataka kufungua begi, zipu ikanishinda, nikaing'ata kwa meno. Nikabaki nimechuchumaa pale natetemeka naiangalia ile zipu, na wazo lililokuwa kichwani ni kwamba niachane nayo nipande baiskeli nimalizie kushuka. Lilionekana wazo la maana kabisa. Mwili uliopoa ndo unavyofikiri, na hapo hapakuwa na mtu wa kunibishia.

Tangu siku ile jaketi la upepo, glavu na fulana kavu vinakaa juu kabisa ya begi, na nikifika juu nabadilisha kabla sijafanya chochote kingine, kabla ya picha, kabla ya maji. Pamba usivae, ikiloa haikauki na inanyonya joto. Ukianza kutetemeka sana, kujikwaa, maneno kukatika, vidole kukataa kazi ndogo kama kufunga kifungo, simama jikinge na upepo, vua vilivyoloa, ingia kwenye fuko la kulalia, kula kitu kitamu na kunywa cha moto. Kutetemeka kukikoma na bado una baridi, usifurahi, hiyo ni hatari kubwa na hapo unahitaji msaada wa mtu.

Na nakuomba sana, usiwashe jiko ndani ya hema lililofungwa hata kuwe na baridi ya namna gani. Linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unasinzia na huamki. Tena dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma na kichefuchefu, yaani sawasawa na za mwinuko.

Maji na chakula je?

Akiba ya sukari mwilini ikitumika kwa nguvu inaisha ndani ya saa moja na nusu mpaka mawili, na ikiisha unakatika ghafla, miguu haina kitu, machozi yanakutoka bila sababu. Kwa hiyo kula kabla ya njaa, wanga gramu 30 mpaka 60 kila saa, kidogo kidogo. Juu kabisa hamu ya kula inapotea, kula hivyohivyo kwa saa. Maji kunywa kwa kiu, mkojo uwe wa njano hafifu, ila usinywe malita na malita ya maji matupu siku nzima ukitoka jasho, chumvi kwenye damu inashuka na hiyo nayo inaleta kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa.

Maji ya mto hata yawe meupe vipi yachemshe, yachemke dakika 1, ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika 3 kwa sababu huko yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Ukiharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Unaharisha damu au una homa kali, safari imesimama, tafuta kituo cha afya.

Dada, goti linauma na vidole viwili vimekufa ganzi. Niendelee?

Goti likiuma mbele mara nyingi siti iko chini sana, likiuma nyuma iko juu sana. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kawaida goti litabaki limekunja kidogo, hapo ndo penyewe. Halafu tumia gia nyepesi, watu wanaona aibu sijui kwa nini, mlima mrefu na mizigo ukiukanyaga kwa gia nzito ni goti ndo linalipa. Miguu izunguke haraka kwa wepesi.

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni mshipa wa fahamu unaobanwa kiganjani, badilisha namna ya kushika kila dakika chache, nyanyua usukani kidogo, vaa glavu zenye sponji. Ganzi ikibaki siku kadhaa au mkono ukikosa nguvu pumzika kabisa, mkono huo ndo unashika breki. Ganzi ya sehemu za siri nayo usiivumilie kwa aibu, wanaume kwa wanawake, simama wima kwenye pedeli mara kwa mara na shusha pua ya siti kidogo. Kaptula ya sponji inavaliwa bila chupi, inafuliwa kila siku, na wewe unajiosha kila siku hata kwa kikombe kimoja cha maji, manake kijipu kimoja makalioni kinakulaza wiki.

Mbwa wakinifukuza?

Mara nyingi ukishuka ukasimama, baiskeli ikiwa kati yako na yeye, anapoa. Akikung'ata au kukuparua hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15 nzima, halafu acha safari ukatafute chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, kwa sababu dalili zikishaanza karibu hamna anayepona. Kama unaenda sehemu ambazo hospitali iko siku mbili mbali, chanja kabla ya kuondoka, pamoja na ya pepopunda. Ukichanja kabla bado utachoma nyingine ukiumwa na mbwa, ila zinakuwa chache.

Nyumbani niwaachie nini?

Njia yako kwa siku, na makubaliano ya saa. Sio "nitawasiliana nikipata mtandao" manake hilo halimsaidii mtu, sema "nisiposikika mpaka Jumatano saa 12 jioni mpigie fulani", na namba uziweke wewe mwenyewe mapema. Mtu huyo mfundishe kuuliza maswali: umekula nini leo, umelala mita ngapi, kichwa kikoje. Akisikia unajibu ovyo ana ruhusa yako, uliyompa ukiwa mzima, ya kukuambia shuka, na wewe unashuka bila mabishano.

Ya mwisho ni karatasi yenye jina lako, mzio ulionao, dawa unazotumia na namba ya mtu wa nyumbani, ikiwezekana kwa lugha ya hapo unapopita, kwa sababu atakayekukuta kando ya barabara simu yako hataweza kuifungua. Yangu iko ndani ya helmeti, imekunjwa kwenye nailoni.