Taamuli haiongozwi na sauti ya mtu

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mafungo ya kiroho ya siku mbili na wanajumuiya wenzangu. Jioni ya kwanza tuliketi mkekani, taa zikazimwa, ukabaki mshumaa mmoja, na dada aliyekuwa akituongoza akasema: "Sasa tunaingia kwenye taamuli. Fumbeni macho, mfuate sauti yangu. Tutapita vyumba saba vya roho, na baada ya dakika ishirini tutakuwa tumefika chumba cha katikati, anakokaa Mfalme."

Ana sauti nzuri dada huyo, na alikuwa amejiandaa. Nilisali kweli jioni ile. Lakini neno taamuli nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno mwaka huu, mafungoni na kwenye rekodi zinazosambazwa katika magrupu ya WhatsApp: "taamuli ya asubuhi", "taamuli ya kulala", "taamuli ya kuongozwa, dakika kumi". Nimeona niseme.

Maana yenyewe ni fupi. Tafakari ni kazi anayoifanya mtu mbele ya Mungu kwa akili, kumbukumbu na moyo: unachukua neno au tukio la Injili, unalizungusha ndani yako mpaka likuguse. Taamuli ni pale kazi hiyo inapotulia, mtu akabaki anamtazama Mungu kwa upendo bila kuongeza hoja, kwa kuwa amejaliwa kubaki hivyo. Tafakari unaweza kuipangia saa kumi na mbili jioni ukaianza saa kumi na mbili jioni. Taamuli haipangiwi saa.

Maneno yote mawili tumeyatoa kwenye Kiarabu, na hayafanani hata kidogo. Tafakari ni ndugu wa fikra na fikiri. Ndani yake mna kichwa kinachofanya kazi. Waliotafsiri Biblia ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, walilitumia katika Zaburi ya kwanza: mtu mwenye heri ni yule ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Neno la Kiebrania lililo chini ya mstari huo ni haga, na haga kwanza ni sauti, kabla ya kuwa wazo. Ni kunong'ona, kuguna, kusoma kwa midomo inayotikisika. Isaya analitumia hilohilo kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake, na kwa hua anayelia. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu cha torati kisiondoke kinywani mwake, bali ayatafakari maneno yake. Kinywani! Mtu wa zamani alitafakari kwa mdomo, kama bibi zetu wanavyosali rozari jikoni huku wanachambua mchele. Kwa hiyo anayesema tafakari ya Kikristo ni kuketi kimya na kuondoa maneno yote kichwani, anakwenda mbali na neno lenyewe. Tafakari imejaa maneno. Ni kutafuna.

Mfano wa kutafuna si wangu. Katika karne ya 12, mmonaki Mkartusi aliyeitwa Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse huko Ufaransa, aliandika barua kuhusu ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kutaamuli. Kusoma, alisema, ni kutia chakula kizima mdomoni. Kutafakari ni kukitafuna na kukivunja. Kusali ni kuipata ladha. Na taamuli ni utamu wenyewe unaofurahisha. Zingatia hapo kwamba vitatu vya kwanza ni vitendo vya mlaji. Cha nne si kitendo. Utamu haulazimishwi na meno.

Sasa taamuli. Hapa ndipo ninaposhikwa na uchungu, kwa sababu nimemsikia mwalimu mmoja wa dini akieleza kwa ujasiri kwamba neno hili linatokana na amali, yaani matendo, na kwamba taamuli basi ni "tendo la juu kabisa la roho". Sivyo. Sikio la Kiswahili limemponza. Kiarabu kina herufi mbili ambazo sisi tumezimezea katika a moja. Kuna amal inayoanza na ayn, herufi ya kooni, ambayo ni kazi na matendo. Kutoka hapo tumepata amali na muamala. Na kuna amal inayoanza na hamza, ambayo ni tumaini. Dada anayeitwa Amal amepewa jina la tumaini, hajapewa jina la kazi. Taamuli ni ta'ammul, mtoto wa hamza: kukitazama kitu kwa muda mrefu, kukikazia macho kwa utulivu, na shina lake ni la kutumaini na kutarajia. Kwa hiyo neno ambalo watu wanalifanya tendo, kwa asili yake linamwelekea anayengoja. Sijui kama waliolichagua kwa ajili ya sala walilijua hilo, lakini sioni neno ambalo lingefaa zaidi.

Na lipo neno la tatu, fumbo, ambalo ni letu la Kibantu na linanipendeza kuliko yote. Tunapozungumzia watu kama Teresa wa Avila tunasema ni wanamistiki, au waandishi wa mafumbo ya roho. Mistiki inatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufunga, hasa kufunga macho au midomo. Tazama basi Kiswahili: fumbo linatoka kwa kufumba. Tunafumba macho, tunafumba kinywa, tunafumba mkono. Lugha mbili zisizo na undugu zimelichonga neno kwa kisu kimoja. Tunapoitikia "fumbo la imani" kanisani hatutangazi kitendawili kinachosubiri mtu wa kukitegua. Tunataja kitu kilichofumbwa, ambacho kinafumbuliwa na mwenye mkono. Anayetuahidi kutufumbulia katika dakika ishirini anajipa mkono usio wake.

Turudi kwenye vyumba saba. Picha hiyo ni ya Teresa, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Hispania, aliyezaliwa mwaka 1515 na kufariki 1582. Alianza kukiandika kitabu kinachojulikana kama Ngome ya Ndani akiwa Toledo, Juni 1577, akakimaliza Avila mwishoni mwa Novemba mwaka uleule. Alikuwa na miaka 62, mgonjwa, na aliandika kwa sababu aliamriwa. Anaifananisha roho na ngome iliyochongwa kwenye almasi moja au kioo safi, yenye makao mengi, na katikati anakaa Mfalme. Nasema makao kwa makusudi. Neno lake la Kihispania ni moradas, nalo ni mwangwi wa maneno ya Yesu katika Yohana 14: "Nyumbani mwa Baba yangu mna makao mengi." Makao ni mahali unapoishi. Chumba unaweza kukipita ukielekea kingine, na hapo ndipo picha ya ziara ya dakika ishirini inapozaliwa.

Teresa mwenyewe alikataa picha ya vyumba vilivyopangwa mstari, kimoja baada ya kingine. Anasema tufikirie mtende mdogo wa porini wa kwao, ambao ili uufikie moyo wake unaolika inabidi ubandue maganda mengi yaliyouzunguka. Anayejua jinsi moyo wa mnazi unavyotolewa amemwelewa. Hesabu ya saba ipo, lakini ndani ya kila makao mna mengine mengi, juu, chini na pembeni, na roho inaruhusiwa kuzunguka humo bila kubanwa kwenye kona moja.

Makao matatu ya kwanza ni ya jitihada za kawaida zinazosaidiwa na neema: sala, toba, tafakari, maisha yaliyopangika. Mlango wa kuingilia, anasema, ni sala na kutafakari. Kwenye makao ya nne mambo yanabadilika, na hapo anatoa mfano ambao ningetamani kila kiongozi wa mafungo aufahamu. Kuna mabeseni mawili ya maji. La kwanza linajazwa kutoka mbali, kwa mifereji na ufundi mwingi, na maji yakija yanapiga kelele. Hiyo ni furaha tunayoipata kwa kutafakari: ni ya kweli, ni njema, na tumeitolea jasho. Beseni la pili limejengwa palepale kwenye chemchemi. Linajaa kimyakimya, bila mfereji, mpaka linafurika. Anayejaza ni chemchemi. Beseni halifanyi chochote ila kuwepo pale.

Mtu aliyewahi kuchota maji mtoni akayapandisha mlimani kwa ndoo kichwani, na baadaye akaishi karibu na chemchemi, hahitaji mahubiri zaidi ya hapo. Tafakari ya kuongozwa ni mfereji. Hata uwe mzuri namna gani, hata uwe na muziki wa taratibu nyuma yake, ni mfereji. Maji yanayopita humo ni maji kweli. Lakini kuuita chemchemi ni kuwadanganya wenye kiu, na zaidi ya hapo ni kuwaumiza: mtu akimaliza dakika ishirini asione Mfalme, anaondoka akidhani roho yake ina kasoro. Nimekaa na watu wa namna hiyo baada ya mafungo. Wanalia.

Vilevile kuna hili la "kuondoa mawazo yote". Teresa aliandika makao ya nne huku kichwa chake kikiwa na kelele, anasema, kama mito inayoporomoka na ndege wanaopiga mluzi. Hakusema sala imeshindikana. Aliyafananisha mawazo yanayozurura na kinu kinachogongagonga, akashauri tukiache kigonge nasi tuendelee kusaga unga wetu. Mama anayekwenda mashineni na debe la mahindi anajua: hakuna anayesubiri mashine inyamaze ndipo apate unga. Na akaongeza jambo ambalo ni uti wa mgongo wa mafundisho yake yote, kwamba muhimu si kufikiri sana bali kupenda sana.

Katika kuhangaika kutafuta neno la ukimya huo, wengine wameanza kusema tahajudi. Naomba tuliache. Tahajudi ni sala ya usiku ya ndugu zetu Waislamu, anayoamkia mtu akauacha usingizi wake. Lina wenyewe na lina kazi yake.

Je, nakataa tafakari ya kuongozwa? La. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliifanyia kazi tangu alipokaa Manresa, Hispania, mwaka 1522, na mazoezi yake ya kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo mtu anaelekezwa apaone mahali, asikie wanachosema watu wa Injili, anuse na aonje. Nikiri pia kwamba Inyasi mwenyewe aliita mazoezi hayo ya kutazama Injili kwa neno la Kihispania ambalo kwa kawaida ndilo tunalolifasiri taamuli, kwa hiyo mkanganyiko huu una wazee wake. Ila alimwekea kiongozi mipaka mikali. Maelezo yake yawe mafupi, kwa sababu kinachoishibisha roho si wingi wa kujua, ni kuyaonja mambo kwa ndani. Na asiegemee upande wowote. Awe katikati kama mizani, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake. Kiongozi wa Inyasi anatoa nukta chache kisha ananyamaza. Rekodi zetu hazinyamazi.

Lini basi mtu aiache tafakari? Yohane wa Msalaba, aliyekuwa mwenza wa Teresa katika kuwarekebisha Wakarmeli, alitoa dalili tatu, na alitaka zionekane zote pamoja: huwezi tena kutafakari wala hupati ladha humo, huna hamu ya kuyapeleka mawazo kwenye mambo mengine, na unapenda kubaki peke yako ukimwangalia Mungu kwa upendo. Ya pili ndiyo inayotenganisha kipaji na uchovu au uvivu. Hakuna dalili ya nne inayosema "sauti imekuambia umefika".

Asubuhi ya pili, kwenye chai, nilimweleza yule dada sehemu ya haya, kwa ufupi na kwa adabu. Aliniuliza, "Sasa kaka, niiteje?" Nikamwambia aiite tafakari ya kuongozwa, hakuna aibu katika jina hilo, aache kutaja dakika za kufika, na akishatuleta mlangoni, asome mstari mmoja, halafu atuachie kimya kirefu kuliko anavyoona kinafaa. Jioni ile alisoma Zaburi ya 46, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu", akafunga Biblia. Hakusema neno lingine mpaka kengele ya chakula.